Mikono Yote ya Kushoto

Redio ilimfikia kabla ya kitu kingine chochote. Kwanza ukwaruzo, kisha sauti ya mtangazaji ikitoboa ukuta, nzito, ya asubuhi mno. Bwana Beti hakufumbua macho. Alilala akiisikiliza na kuipima, kama mtu anavyopima homa ya mwenzake kwa kiganja. Mwezi uliopita redio ya mama ilipita ukutani kama manong'ono, ukajua kuna mtu anaongea usijue anasema nini. Leo alimsikia mtangazaji hadi pale alipomeza mate.

Mama alikuwa ameongeza sauti tena.

Akaangalia saa. Kumi na moja kasoro dakika tano. Alitakiwa awe ameamka tangu saa kumi kamili. Kwa hiyo siku ilikuwa imemshinda hata kabla hajatia mguu sakafuni.

Aliinuka hivyo hivyo, mgongo ukimlalamikia, akawasha taa na kukaa mbele ya daftari. Ukutani, juu ya meza, alikuwa amebandika ratiba aliyoipigia mistari kwa rula: siku thelathini, beti nne kila alfajiri, Jumapili mapumziko. Ukizijumlisha unapata mia moja na akiba ya nne. Ilikuwa ratiba nzuri, imenyooka kama kola mpya. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa siku ya kumi na nane, na kwenye viboksi vyake kulikuwa na alama nyekundu za mkasi kumi na tatu, kila moja ikimaanisha jambo moja: hakuna kitu. Siku zile nyingine aliandika, na jioni akayafuta aliyoyaandika kwa sababu yalimtia kichefuchefu.

Akashika kalamu. Akaandika neno "Mama". Akakaa akilitazama mpaka macho yakaanza kuwasha kama yametiwa mchanga. Kulipopambazuka, neno lilikuwa bado peke yake.

Jina la Bwana Beti alipewa na wenzake kwenye karakana ya kushona sare, na halikuwa la heshima. Walimpa kwa sababu alikuwa akihesabu mizani kwa vidole huku akisubiri pasi ipate moto, na kwa sababu alikuwa na maringo ya mtu aliyejifundisha mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyemkalisha chini. Alijifunza kwenye kurasa za mashairi za magazeti ya zamani, yale ya kufungia vitu. Mama yake ndiye aliyekuwa akimwambia, "Nisomee." Mtoto anasoma, mama anagonga meza kwa vidole, nane na nane, na mahali mshairi alipopunguza silabi, kidole cha mama kilibaki hewani. "Huyu kaniibia," alikuwa akisema. "Rudia."

Mama huyo alitumia miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha kufuma vitambaa, kati ya mitambo iliyopiga kelele kiasi kwamba wanawake wa zamu yake walijifunza kuongea kwa midomo tu, bila sauti. Ndiyo maana wanawe walichelewa kugundua. Alikuwa akiwatazama mdomoni na kujibu sawasawa, na wao wakidhani anasikia. Daktari wa masikio hakuzunguka: la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, tarehe hawezi kuitaja. Kifaa cha kuvaa kitamwongezea kelele lakini maneno hayatanyooka.

"Si neno," mama alisema siku ile wakirudi nyumbani. "Midomo yenu naijua yote." Kisha, baada ya hatua kadhaa, akaongeza kama anayejisemea: "Ila midomo inanipa maneno tu. Haina mdundo. Mashairi ndiyo basi."

Hapo ndipo kijana alipojitia kitanzi. Jioni ile ile, mezani, mbele ya dada yake na mama wadogo wawili, akapiga kifua. Alisema mwisho wa mwezi atamsomea mama utenzi wa maisha yake, beti mia moja, akiwa bado anasikia.

"Mia?" dada yake akamkata. "Wewe? Hata barua ya kuomba likizo nilikuandikia mimi."

Mama wadogo wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Kijana damu ikamchemka.

"Mia moja," akarudia. "Na zisipotimia, mtu yeyote asiniite mshairi tena. Nitaichoma kalamu."

Hicho ndicho kilichokuwa kikimwamsha saa kumi, au tuseme kumi na moja kasoro dakika tano.

*

Siku hiyo ya kumi na nane, pale karakana, kulikuwa na kazi ya sare ishirini na nne za wauguzi, mikono mirefu, kitambaa cheupe chenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Kukata ilikuwa kazi yake. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeaminiwa kushika ule mkasi mkubwa zaidi ya mwenye karakana mwenyewe, mama mmoja mkavu aliyeitwa Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikuwahi kutoka shingoni mwake. Watu walisema hata kwenye harusi ya mwanawe aliivaa juu ya mkufu.

Kukata mikono ya nguo kuna kanuni moja ambayo fundi anaijua kabla hajajua kutia uzi kwenye sindano. Kitambaa kinatandikwa uso kwa uso, tabaka juu ya tabaka. Ukikata mara moja, tabaka la juu linakupa mkono wa kulia, la chini yake linakupa wa kushoto. Mikono inazaliwa pacha. Lakini ukitandika tabaka zote uso juu, utakata mchana kutwa na kila mkono utakuwa wa upande mmoja.

Bwana Beti alitandika huku akitafuta kina. Beti zote mia moja zilitakiwa kufungwa na kina kimoja mwishoni, na alikuwa amechagua -ika, kwa sababu aliona kinasikika kikubwa. Alikuwa akitafuta neno zito la -ika kuhusu uzazi. Akatandika, akalaza kielelezo cha karatasi, akapiga chaki, akakata. Mkasi ulikula kitambaa vizuri, kwa sauti ile ya kumridhisha mtu. Akakata tena. Mikono arobaini na minane, kingo safi kabisa. Hakuna aliyewahi kukosea kwa unadhifu namna ile.

Mama Futi alikuja baada ya saa moja akiwa na mikono miwili. Akajiwekea mmoja bega hili na mwingine bega lile, akasimama mbele yake kama kinyago.

"Fundi, nitazame vizuri. Hawa wauguzi wameumbwaje?"

Bwana Beti akatazama. Mkono wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulipinda nyuma kama unatafuta kitu alichoangusha mtu.

"Labda hospitali nzima ni ya watu wa kushoto," alisema mpiga pasi kutoka kwenye kona yake. Huyo walimwita Mvuke, mtu mzima mwenye mdomo usiokuwa na breki.

"Wewe shughulika na hiyo pasi, inaunguza," Mama Futi akamjibu bila kugeuka. Kisha kwa kijana: "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, mama."

"Mwili niliuona. Nakuuliza wewe."

Kuna uongo ambao mtu aliyechoka hawezi kuubeba. Akasema ukweli: "Nilikuwa natafuta kina."

"Cha nini?"

"Cha -ika."

"Aibika," alisema Mvuke. "Chukua, nakupa bure. Aibika, fedheheka... hapana, hicho kimekosa i."

Karakana nzima ikacheka, cherehani zikasimama. Siku nyingine Bwana Beti angemrudishia Mvuke maneno ya kumfanya ajute kuzaliwa na ulimi. Siku hiyo alisimama tu, mikono imening'inia, akitamani mtu amwambie kaa chini.

Mama Futi hakucheka wala hakufoka. Alitandaza mkono mmoja mezani, akautazama muda mrefu, akavuta futi, akapima, akachora kwa chaki. "Robo tatu ya mrundo huu inaokoleka," alisema, kisha akajisahihisha, "hapana, wote unaokoleka. Nusu yake tunakata upya kichwa cha mkono, pale unapoungana na bega, tunakigeuzia upande wa pili. Tunapoteza inchi tatu. Mkono mrefu hautakuwepo. Yote tunaifupisha hadi chini kidogo ya kiwiko." Akampigia simu matroni wa hospitali palepale, wakazungumza. Matroni alisema wauguzi wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba mikono mirefu inazama kwenye mabeseni.

Basi kazi ikaokoka. Lakini mkasi Mama Futi aliuchukua mwenyewe, akautundika kwenye msumari wake.

"Utashona matundu ya vifungo," akasema. "Mashine yake mbovu tangu juzi. Kwa mkono."

Kwa mkataji, hiyo ni kama dereva kuambiwa aoshe magurudumu.

"Yako mangapi yote, mama?"

"Sijakuambia uhesabu."

Na hapo alifanya jambo ambalo alikuwa akimfanyia kila anayeanza kazi, na ambalo Bwana Beti alikuwa amelisahau kwa sababu ya kupanda cheo. Aliuchukua mrundo mzima wa sare akauficha nyuma ya pazia. Akamletea moja tu, akailaza mapajani mwake.

"Ukiuona mrundo, mkono unakimbia, na mkono ukikimbia tundu linakuwa mdomo wa kibogoyo. Mbele yako kuna nguo moja. Ikiisha nitaleta nyingine. Ikiwa haijaisha, hakuna nyingine duniani."

Akaketi dirishani. Sindano ikaingia, ikatoka, uzi ukajifunga kifundo kidogo ukingoni, ikaingia tena. Mwanzoni hasira ilimfanya avute uzi mpaka kitambaa kikajikunja, na Mama Futi alipita akafumua bila neno, akaenda zake. Akaanza upya. Uchovu wake wote wa siku kumi na nane ulikuwa umekaa naye pale dirishani, lakini sasa haukuwa ukidaiwa chochote. Nguo moja ikaisha. Pazia likasogea, ikaja nyingine. Hakujua ya ngapi.

Katikati ya tundu, bila kuitwa, ukaja mshororo. *Mama, sikio sogeza.*

Alikasirika. Hicho ndicho kitu? Hayo ni maneno ya mtu anayetaka kumnong'oneza mama yake habari za jirani. Hayakutaja bahari, hayakuwa na ukubwa, hata bibi wa sokoni angeyasema. Lakini alipohesabu kwa kidole gumba juu ya kifungo, yalikuwa nane, na hayakutaka kutoka. Akayaandika kwa chaki pembeni mwa kiti, akaendelea na tundu. Hakutafuta wa pili. Hakuwa na nguvu za kuutafuta.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mama mezani anachambua maharage, redio ikipiga kelele mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Akaizima. Mama akainua uso.

"Umeniulia mtu wangu," akasema.

"Majirani watakuja kutuua sisi."

"Kaa. Una uso wa mtu aliyefukuzwa kazi."

"Sijafukuzwa. Nimekata mikono arobaini na minane ya kushoto."

Alisema akimtazama ili asome midomo. Mama alisoma, akafikiria kama amesoma sawa, akaonyesha mkono wake wa kushoto akiinua nyusi. Kijana akaitikia kwa kichwa. Mama, aliyeishi na vitambaa miaka ishirini na saba, alicheka akaegemea meza, maharage yakatawanyika. "Uso juu, yote!" alisema huku akifuta machozi. "Mwanangu! Uso juu, yote!"

Naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, alisogeza kiti upande wa kulia wa mama, akainama, akasema sikioni mwake polepole:

"Mama, sikio sogeza."

Vidole vya mama vikagonga meza. Vinne, vinne. Hakuna kidole kilichobaki hewani.

"Nimesogeza," akasema. "Halafu?"

"Halafu sina."

"Huna vipi?"

"Ndio huo tu. Nimeupata leo."

"Toka hapa! Unamwita mtu halafu unamwacha njiani? Kesho uniletee nilichoitiwa."

Usiku huo hakutega saa ya kumi. Hakuamua, alilala tu na nguo za kazi, na alipoamka jua lilikuwa limeshaingia. Kwenye kiboksi cha siku ile hakutia alama yoyote.

Kesho yake, akiwa kwenye tundu lisilojulikana la ngapi, ulikuja wa pili, akaupeleka nyumbani: *la kulia, la kuweza.* Mama alishika sikio lake la kulia, akalivuta kidogo. "Bado linaweza, ndiyo," alisema. "Endelea." Hakukuwa na cha kuendelea. Siku ya tatu alileta *neno dogo nakweleza*, na mama akapiga meza kwa kiganja. "Basi lieleze! Neno gani hilo linalotembea kwa miguu siku tatu?" Siku ya nne kazini haukuja kabisa. Alirudi mikono mitupu, akasema, "Leo hakuna, mama," akitarajia aone uso ukianguka. Mama alisema, "Basi nirudie ile mitatu," akagonga, akaridhika, akaendelea kula.

Siku ya tano Mvuke alikuwa akimharakisha mwenzake, akasema kitu cha kawaida kabisa, "Hebu nipe, haichukui dakika," na Bwana Beti akaacha sindano imening'inia kwenye uzi. Ile -ika yake aliyoitafuta kwa wiki tatu katika maneno mazito ilikuwa imekaa kinywani mwa mpiga pasi.

"Unanitazamia nini?" Mvuke akauliza.

"Umenipa kina."

"Si nilishakupa kimoja?"

"Hiki ni kizuri zaidi."

Jioni alimsomea mama mishororo yote minne, mkono wake ukiwa begani mwa mama:

*Mama, sikio sogeza,*
*la kulia, la kuweza,*
*neno dogo nakweleza,*
*halichukui dakika.*

Mama alirudia mara mbili kwa midomo tu, bila sauti, kama wale wanawake wa zamu yake.

*

Mwisho wa mwezi ukafika, ukamkuta na beti mbili na mishororo miwili. Dada yake alikuja mapema na mfuko wa matunda, akauacha mezani, akasimama mikono kiunoni.

"Haya, malenga. Mama wadogo wanauliza waje saa ngapi. Mia zimefika?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema wiki moja zaidi, karatasi zimelowa, kichwa kinauma. Shingo yake yote ya maringo ilikuwa imekaza ikisubiri aseme hivyo. Lakini alikuwa amechoka hata kuwa na maringo.

"Waambie wasije," akasema. "Ninazo mbili na nusu."

"Mbili na nusu!"

"Mbili na nusu."

"Wewe si ulisema utachoma kalamu?"

"Nilisema."

Dada alitaka kumalizia kazi, lakini alipoona uso wa mdogo wake akavuta kiti akakaa. Wakati huo mama alikuwa akiwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kama anayefuata mpira.

"Nani anachoma kalamu?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Aliahidi beti mia, ana mbili."

"Mia nani alimwagiza?"

Dada akaugeukia mfuko wake wa matunda.

"Nauliza. Mimi nilimwagiza mia?" Mama akageuka kwa mwanawe. "Ukinisomea mia leo, nitazisikia mara moja, mama zako wadogo watapiga makofi, watakula matunda, wataondoka. Kesho asubuhi mimi nitakuwa nangoja nini? Sasa hivi mchana mzima nangoja mlango ufunguke, nijue leo umekuja na nini. Hata ile siku uliyokuja mtupu niliingoja."

"Lakini sikio, mama." Alisogea upande wa kulia, akainama, akasema kwa nguvu. "Daktari alisema. Kwa kasi hii halitangoja."

Mama alikuwa amegeuka kumwangalia mdomoni badala ya kutega sikio, na kijana alitambua kwamba alichosema hivi punde kwa nguvu zote hakikuwa kimefika chote. Alikuwa amekisoma. Tayari sikio la kulia lilikuwa limeanza kulifuata la kushoto.

Mama aliuchukua mkono wake, ule ulioota sugu ya sindano kwenye kidole cha kati. Akaufungua, akaulaza juu ya kiganja chake mwenyewe, kiganja kwa kiganja.

"Midomo ninayo," alisema. "Mdundo nigongee hapa. Jaribu."

Akajaribu. Alimtazama usoni, akatamka polepole, na kidole chake kikagonga kiganja cha mama, nne na nne. *Mama, sikio sogeza.* Alitamka bila sauti kabisa. Dada yake alisogea karibu akidhani yeye ndiye hasikii vizuri.

Mama alifumba macho mwishoni, akahesabu kitu ndani, akayafumbua.

"Hujaniibia," akasema. "Sasa niambie. Kesho utaniletea?"

"Nitachoka, mama. Nimechoka hata leo."

"Sikuuliza hilo."

Akavuta pumzi. Ukutani chumbani kwake ratiba ilikuwa bado imebandikwa, na alijua akirudi huko ataibandua kwa sababu inamkera tu, si kwa sababu nyingine. Akagonga kiganja cha mama mara moja, kumwita, kisha akasema kwa sauti, ili na dada yake awe shahidi:

"Kesho nitakuletea mmoja, mama. Ukiwa mbaya nitakuletea huo huo mbaya. Na nikiwa sina, nitakuja kukwambia sina."